Chini ya ardhi hakuna Mlima Rungwe

Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima aliyefundisha katika shule za msingi za Wilaya ya Rungwe kwa zaidi ya miaka thelathini, alinijia nyumbani Tukuyu akiwa na daftari mkononi. Binti yake anaishi na kufanya kazi London, naye alikuwa ameitwa akakae huko miezi miwili. Viza alikuwa nayo na tikiti alikuwa nayo, wala hofu yake haikuwa juu ya ndege.

“Mwanangu,” alisema, “ndege nitapanda, kwa kuwa wote tuliomo tunakwenda mahali pamoja. Lakini hiyo treni yao ya chini ya ardhi, nitajuaje pa kushukia, na nje hakuna kitu cha kutazama?”

Nakiri kwamba nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali mengine. Niliwahi kusoma katika mji huo kwa muda wa mwaka mmoja, na ndugu wanaosafiri aghalabu huniuliza juu ya nauli, baridi na chakula. Swali la Mwalimu lilikwenda moja kwa moja kwenye shina la jambo, na tangu siku ile nimekuwa nikilifikiri kila nionapo ramani mpya ya mipango ya usafiri wa mijini katika nchi yetu.

Mtu wa Rungwe anaposafiri kutoka Mbeya hasomi kibao. Basi likiiacha barabara kuu pale Uyole, yeye amekwisha kujua. Baridi ikiingia dirishani na magunia ya viazi yakianza kuonekana kando ya barabara, hapo ni Isyonje. Mikungu ya ndizi ikipangwa kwa wingi, hiyo ni Kiwira. Muda wote huo Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, uko upande wake wa kushoto, na hata ukifunikwa na ukungu, huo ukungu wenyewe ni alama. Na akishikwa na usingizi, yuko konda wa kumwamsha. Hivyo ndivyo tulivyolelewa kusafiri: kwa macho, kwa pua na kwa kuulizana. Mtu huyo ukimshusha katika tundu lenye taa, ambamo kila kituo kina kuta na vigae na umati uleule, umemnyang'anya elimu yake yote ya njia kwa mara moja.

Hata hivyo, watu wa sehemu hizi hawakuanza kwenda chini ya ardhi juzi. Babu yangu mzaa baba, kama vijana wengi wa Kinyakyusa wa wakati wake, alikwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu mwaka 1964 ndiyo Zambia. Alitusimulia jinsi walivyoteremshwa katika kizimba kabla ya alfajiri. Neno lake moja limenikaa: kwamba kule chini hakuna mashariki. Mtu alikwenda alikoamriwa kwenda, na kama hakujua njia ya kutokea, hilo halikumhusu msimamizi, maadam kazi ilifanyika. Baadaye ilikuja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Aliyeipanda Mbeya kwenda pwani alipita katika mahandaki mengi kati ya Makambako na Mlimba, watoto wakipiga kelele kila giza lilipoingia behewani. Lakini handaki la mlimani lina mwisho, na upande wa pili nchi huonekana tena. Handaki la mjini haliishi. Abiria hutoka kituo hadi kituo bila ya kuona kitu, na pa kushukia lazima apajue yeye mwenyewe.

Basi nilimweleza Mwalimu kwanza chombo chenyewe. Reli ya chini ya ardhi ya London ndiyo ya kwanza duniani. Ilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863, kati ya Paddington na Farringdon, na treni zake zilivutwa kwa mvuke, hata moshi ukajaa humo ndani. Njia ya kwanza ya umeme, iliyochimbwa chini sana, ilianza mwaka 1890. Leo mtandao huo una njia 11 na vituo 272. Kila njia ina jina lake na rangi yake, na rangi hiyo haibadiliki katika ramani wala katika vibao. Zaidi ya nusu ya reli hiyo iko juu ya ardhi, jambo ambalo wageni hushangaa kulisikia. Mwalimu alilifurahia sana, akaliandika.

Kisha nikamsimulia kosa langu mwenyewe, kwa kuwa naamini kosa la mwenzako hufundisha kuliko maelezo yake. Katika wiki yangu ya kwanza nilitaka kwenda Golders Green, mahali palipo kwenye njia ya Northern, yenye rangi nyeusi. Niliona rangi nyeusi, nikaona kibao kinachosema kaskazini, nikapanda. Sikujua kwamba njia hiyo hugawanyika matawi mawili kwenye kituo cha Camden Town, tawi moja likienda Edgware na jingine High Barnet. Golders Green iko kwenye tawi la Edgware. Mimi, mwenye shahada yangu mfukoni, nilikuwa kwenye treni ya High Barnet, nikihesabu vituo ambavyo majina yake hayakulingana na karatasi yangu, nami nikiona haya kumwuliza mtu. Nilitokeza kwenye mwanga wa jua East Finchley, nikarudi Camden Town, nikaanza upya.

Hapo nilijifunza kwamba rangi ya njia haitoshi, na upande unaokwenda hautoshi. Jina la kituo cha mwisho, lililoandikwa kwenye paji la treni na kwenye ubao wa jukwaani, ndilo linalomwambia msafiri treni hii ni ya nani. Wenyeji hawalitaji jambo hili kwa sababu hawajui kwamba wanalijua.

Iko pia habari ya ramani. Mwaka 1931 mchoraji mmoja, Harry Beck, aliyekuwa amezoea kuchora michoro ya umeme, alichora ramani ya reli ile bila ya kujali umbali wa kweli wa juu ya ardhi. Njia zote alizinyoosha, akazikunja kwa pembe zilezile chache, na vituo akavipanga kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Wakubwa walisita, wakaichapisha mwaka 1933, na umma ukaipenda mara moja. Beck aling'amua kwamba msafiri aliye chini ya ardhi haulizi mto unapinda wapi. Anauliza vituo vingapi vimebaki na atabadilishia treni wapi. Lakini ramani hiyo humdanganya mgeni kwa namna moja. Leicester Square na Covent Garden zinaonekana ni vituo viwili kama vingine vyote, kumbe baina yao hazifiki mita 300. Wako wageni wanaolipa nauli kwa safari ambayo mtu wa Tukuyu angeitembea akiwa na debe la maji kichwani.

Mambo mengine niliyapitia upesi. Kwenye ngazi zinazojiendesha, simama kulia, waache wenye haraka wapite kushoto. Kadi iguse mashine langoni unapoingia, na iguse tena unapotoka, maana ukisahau kuigusa wakati wa kutoka utakatwa nauli ya juu kabisa. Kabla ya saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi nauli ni kubwa zaidi na msongamano hausemeki, kwa hiyo mgeni asiye na miadi na angoje. Mwenye magoti mabovu atazame ramani kwa makini, kwani ni takriban theluthi moja tu ya vituo ambavyo mtu anaweza kufika kwenye treni bila ya kupanda ngazi. Hilo la mwisho ni aibu kwa nchi tajiri kama ile, ijapokuwa wenyewe hujitetea kwamba mahandaki yao ni ya zamani.

Nilipomaliza, Mwalimu aliuliza: “Na asiyejua kusoma?”

Swali hilo wengine wamekwisha kulijibu, na majibu yao yanatufaa sisi kuliko ya London. Mji wa Mexico ulifungua reli yake ya chini ya ardhi mwaka 1969, na kila kituo kilipewa picha yake, ili hata asiyejua herufi aweze kuambiwa ashukie penye picha fulani. Kituo cha Chapultepec kina panzi, kwa sababu jina hilo katika lugha ya wenyeji wa kale lina maana ya kilima cha panzi. Huko Moscow, ambako reli ilifunguliwa mwaka 1935, wamelitumia sikio. Wazee wetu waliosoma katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichoanzishwa mwaka 1960, wanaufahamu vyema mji huo na treni zake. Treni inayoelekea katikati ya mji hutangaza vituo kwa sauti ya mwanamume, na inayotoka katikati kwenda pembezoni kwa sauti ya mwanamke. Katika njia ya duara, sauti ya mwanamume ni ya treni inayofuata mwendo wa mshale wa saa. Mgeni asiyejua hata neno moja la Kirusi anaweza kutambua kwamba amepanda treni ya upande usio wake.

Wala mfano haukosekani katika bara letu. Cairo ilifungua reli yake mwaka 1987, ya kwanza katika Afrika, na Algiers ikafuata mwaka 2011. Cairo yamo mabehewa yaliyotengwa kwa ajili ya wanawake, na vibao vya vituo vimeandikwa Kiarabu pamoja na herufi za Kizungu. Mwenye nchi hakusahauliwa, na mgeni naye kawekewa mahali.

Sasa turudi nyumbani. Dar es Salaam haina reli ya chini ya ardhi. Lakini tumeanza safari ya kujenga vyombo vikubwa vya usafiri wa umma, na tatizo la mgeni ni lilelile, handaki liwepo au lisiwepo. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Mei 2016 katika awamu ya kwanza yenye urefu wa kilomita 20.9. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha hadi Dodoma, ikipita katika mahandaki ya milima ya Kilosa. Hizi ni kazi za Taifa, zimejengwa kwa jasho la mlipa kodi, na mkulima wa chai wa Katumba ni mlipa kodi pia.

Hebu tumfuate mkulima huyo anaposhuka katika kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi baada ya usiku mzima njiani. Mpango wa awamu ile ya kwanza ulikuwa na uma uleule ulionipoteza mimi Camden Town. Kutoka Kimara njia ilikwenda moja na Barabara ya Morogoro, kisha tawi moja likaenda Morocco, jingine likaingia Kariakoo hadi Gerezani, na shina likaendelea hadi Kivukoni. Mwenyeji anajua kwamba Gerezani ni mtaa na kwamba Morocco iko Kinondoni. Lakini mzee aliyetoka kijijini, akisimamishiwa basi lenye maandishi GEREZANI, ana haki ya kusita kidogo.

Wapo watakaosema kwamba sisi si Wazungu wa kusafiri kimya na macho yameinama. Sisi tunaulizana, na undugu wetu ndio ramani yetu. Hoja hiyo naiheshimu. Pale kituo cha mabasi cha Tukuyu huhitaji kibao, kwa sababu kabla hujauliza umekwisha kujibiwa na watu watatu. Lakini tusijidanganye. Katika mji wa mamilioni, anayeuliza njia amejitangaza kuwa mgeni, na si kila anayemsikia ana nia njema. Mwanamke aliye peke yake usiku, kiziwi, mtumishi mpya anayeripoti kazini kwa mara ya kwanza na hataki kuchelewa, hawa wote wanastahili kuipata njia yao bila ya kuomba. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kibao anachowekewa mgeni ndicho kinachomfaa mkazi wa Mbagala anayekwenda hospitali ya Mloganzila kwa mara ya kwanza. Katika mji wake mwenyewe mtu ni mgeni mara nyingi kuliko anavyokiri.

Ndugu zangu watumishi wa Serikali, baadhi yenu ndio mnaoandika masharti ya mikataba ya kazi hizi. Mnahesabu mabasi, mabehewa, saruji na nyaya. Hapana budi mhesabu na herufi. Jina la kituo liandikwe kwa Kiswahili, kubwa, mara nyingi, na mahali ambapo aliyebanwa katikati ya abiria anaweza kuliona kupitia dirishani. Kila kituo kipewe picha. Hatutakosa mapicha: tunao mikarafuu, mitumbwi, mibuyu, ngoma, ndovu na minazi. Sauti itangaze kituo kabla ya kufika, si baada ya mlango kufungwa. Na pale nauli inapolipwa kwa kadi au simu, awepo mtu aliyeajiriwa kumsaidia asiye na kadi wala simu ya kisasa. Maendeleo yanayomtaka mzee wa miaka sabini anunue simu kwanza ndipo apande basi lililojengwa kwa kodi yake ni maendeleo yaliyogeuzwa kichwa chini miguu juu.

Nina pendekezo moja ambalo gharama yake ni ndogo. Kabla ya kufungua njia yoyote mpya, wachukuliwe watu kumi kutoka wilaya za mbali, wawili wa Rungwe, wawili wa Newala, wawili wa Kibondo na wengineo. Kila mmoja apewe nauli na kipande cha karatasi chenye jina la mahali. Wataalamu waliochora mpango watembee nyuma yao, wamefunga midomo, wakiandika kila mahali ambapo mtu alisimama, akageuka, akakuna kichwa. Mahali hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo si la yule aliyekuna kichwa. Ripoti ya siku moja ya namna hiyo naamini itazidi makabrasha mengi ya washauri waliolipwa fedha za kigeni.

Kwa walimu nina neno fupi zaidi. Sisi tuliosoma katika shule za huku tulichora ramani ya Tanzania mara nyingi, tukaweka Rufiji na Ruvuma mahali pake, tukapata alama zetu. Sikumbuki hata siku moja tuliyotakiwa kumchorea mgeni njia ya kutoka shuleni hadi zahanati. Laiti tungefanya hivyo, tungegundua mapema kwamba ramani huchorwa kwa ajili ya mtu mwingine, asiyejua mti mkubwa wa mwembe uko wapi. Zoezi hilo halihitaji vitabu wala fedha za wafadhili. Linahitaji karatasi moja na mtoto wa kijiji cha jirani wa kuijaribu.

Mwalimu wangu hakungoja mtaala. Binti yake anakaa karibu na kituo cha Wood Green na anafanya kazi karibu na Russell Square, vyote vikiwa kwenye njia ya Piccadilly, na mama alikuwa amedhamiria kumfuata siku moja mchana akiwa peke yake. Tulitazama ramani pamoja. Kutoka Wood Green kwenda upande wa magharibi ni vituo vinane, na tawi la njia hiyo liko mbali huko mbele, kwa hiyo treni yoyote ya upande huo ingemfaa. Alichora mstari katika daftari lake, akaandika majina manane kwa mwandiko ule wa ubaoni: Turnpike Lane, Manor House, Finsbury Park, Arsenal, Holloway Road, Caledonian Road, King's Cross, Russell Square. Kisha, pembeni ya kila jina, akaandika jina la nyumbani, kwa mpango anaoujua yeye tangu ujana wake. Turnpike Lane ikawa Uyole. Finsbury Park ikawa Isyonje. King's Cross, penye watu wengi wanaopanda na kushuka, ikawa Kiwira. Russell Square ikawa Tukuyu.

Nilimwuliza kama hatachanganyikiwa. Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi wa darasa la pili, akafunga daftari.

Baada ya wiki tatu nilipata ujumbe wake kwenye simu, mfupi, bila ya salamu, mtu asingedhani umetoka kwa mwalimu wa Kiswahili: “Nimeshuka Tukuyu. Nimetoka juu, mvua inanyesha.”